Tangi la Samaki na Dhana Yangu

Leo nitakusimulia kosa langu mwenyewe, nalo lilianza na tangi la kioo.

Mwaka 2019 mwanangu aliniwekea ukumbini, nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, tangi la maji ya bahari. Wazee wenzangu walinicheka: mtu wa pwani aiweke bahari ndani kwa nini? Lakini nikiisha kusomesha hukaa nikawatazama samaki, moyo ukatulia.

Mwanangu alinizuia kutia samaki kwa majuma sita, kwa kuwa uchafu wao hutoa amonia, na vijidudu vinavyoila amonia hiyo huhitaji muda kuota. Nikasubiri. Tukatia samaki wadogo wanne wa buluu, wakaishi miezi mitatu bila neno. Kisha mimi, kwa tamaa ya macho, nikanunua kwa mpiga mbizi mmoja samaki wa manjano mwenye madoa meusi, ameumbwa pembe nne kama kisanduku.

Siku ya tatu nikaamka alfajiri, nikawakuta wote wanaelea. Maji safi, huoni hata taka. Jana yake binti wa jirani, mwanafunzi wangu wa chuoni, alikuwa amepangusa kioo. Nikamwita. "Ulitia sabuni?"

"La, Maalim, kitambaa na maji matupu."

Nikamwuliza tena mbele ya wenzake. Akanyamaza, machozi yakamtoka, nami nikakuchukua kunyamaza kule kuwa ni kukiri! Kesho yake hakuja chuoni, wala kesho kutwa.

Mpiga mbizi yule alipopita hakuuliza habari ya sabuni. Aliuliza, "Yule wa manjano alikaa na nani?" Nilipomwambia akatikisa kichwa. Wale wa buluu, ujapowaona wadogo, wakitangulia mahali hupafanya milki yao, wakamwuma na kumfukuza kila mgeni. Na yule wa kisanduku akitishwa hutoa sumu ngozini mwake. Baharini sumu hupotea katika wingi wa maji; tangini huwaua wenzake, na mara nyingi yeye mwenyewe. Mwanangu akaniambia kuwa huko Hawaii sumu hiyo imechunguzwa tangu miaka ya 1960. Anayewahi humtoa samaki yule upesi, akabadili maji, akayachuja kwa makaa. Mimi nilikuwa nimelala.

Sikuipima sumu ile, wala siwezi kuapa. Lakini juu ya sabuni sikuwa na ushahidi hata chembe, na nilihukumu. Mimi ninayewasomesha watoto hao hao Suratul-Hujurati na katazo lake la dhana!

Jioni ile nilikwenda kwa mama yake. Kisha nikamwomba binti radhi chuoni mbele ya wenzake, kwani na aibu nilimtia mbele yao. Amerudi kusoma, alhamdulillahi. Kioo hakigusi tena, hukipangusa mwenyewe.