Baiskeli moja, njia nne: Siku ya familia Hell's Gate

Mvulana wa miaka 14 alishusha baiskeli yake kutoka kwenye keria ya matatu kando ya barabara ya Moi South Lake, Naivasha. Mama yake alishika gurudumu la nyuma, na dada yake wa miaka 9 alikumbatia kofia zao ngumu. Walikuwa wametoka Nakuru alfajiri. Yalikuwa matembezi ya Jumamosi, lakini pia walikuwa na kesi ya kuamua.

Kesi yenyewe huzuka katika nyumba nyingi. Mama alikuwa amenunua baiskeli moja ya milimani, ya mitumba, yenye gia 21 na springi kwenye uma wa mbele. Hesabu yake ilikuwa kwamba itampeleka kijana shuleni, itatumwa dukani, itapanda vilima wikendi, kisha mdogo wake atairithi. Kijana naye alikuwa ameona nyingine dukani, yenye springi mbele na nyuma, na tangu siku hiyo ya kwake haikumpendeza tena. Akiba ya mama ilitosha baiskeli moja tu ya mitumba, na karo ya Januari ilikuwa njiani.

"Tutaiuliza barabara," mama alimwambia.

Hell's Gate, jina ambalo maana yake ni Lango la Jehanamu, ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli karibu na wanyama. Ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1984, na ukubwa wake ni takriban kilomita 68 za mraba. Kwa siku moja tu, mwendeshaji hukutana na lami, vumbi, mchanga na vilima.

Mama na binti walikodi baiskeli kando ya barabara, kilomita chache kabla ya njia panda ya kuingia mbugani. Kwenye lami, kijana ndiye aliyebaki nyuma. Matairi yake yenye meno makubwa yalivuma kama nyuki, na kila mzunguko wa pedali ulimgharimu zaidi.

"Umeona? Hii haifai," alilalamika.

Fundi wa baiskeli za kukodi, aliyewasindikiza hadi njia panda, aliibonyeza tairi kwa kidole gumba. Ilibonyea kama embe bivu. Akatoa pampu na kuijaza hadi ikawa ngumu. "Kijana, kwenye lami tairi inataka upepo mwingi. Na hayo meno ni ya matope. Ukiendesha sana barabarani, rimu hizi hizi zitabeba matairi laini zaidi. Hubadilishi baiskeli, unabadilisha viatu vyake."

Kutoka njia panda hadi lango la Elsa ni kama kilomita 2. Ukishapita lango, jabali la Fischer's Tower linasimama peke yake, lenye urefu wa kama mita 25. Ni mwamba ulioganda ndani ya koo la volkano ya kale. Pundamilia na ngiri hula majani karibu na njia, na twiga huchungulia juu ya miti. Nyati nao wapo, kwa hiyo watoto hawaachwi kutangulia peke yao.

Hapa njia ni ya vumbi, na sehemu nyingine ina mawimbi madogo yanayotetemesha mikono hadi mabegani. Penye mchanga, gurudumu la mbele la kijana lilianza kuyumba. Akakumbuka somo la tairi, akapunguza upepo kidogo. Tairi ikatanuka, ikashika ardhi, naye akapita. Mama, juu ya baiskeli ya kukodi yenye tairi nyembamba, alishuka akaisukuma.

"Lakini baiskeli ya milimani ya kweli ina springi kote," kijana alishikilia walipopumzika kivulini.

Historia haimuungi mkono. Baiskeli za milimani za kwanza hazikuwa na springi hata moja. Katika miaka ya 1970, kwenye mlima Tamalpais, jimbo la California nchini Marekani, vijana walichukua baiskeli kuukuu na nzito, wakazitelemsha kwenye njia za vumbi. Mwaka wa 1976 walianza kushindana kwenye mteremko walioubandika jina la Repack. Breki ya ndani ya gurudumu la nyuma ilipata moto hadi grisi ikaungua, na baada ya kushuka iliwabidi wapake grisi upya. Jina lilitokana na kazi hiyo. Mwaka wa 1977 mmoja wao, Joe Breeze, alitengeneza fremu maalumu kwa safari za namna hiyo.

Tangu hapo ukoo huo umepanuka. Zile za mbio ndefu huwa na springi zinazocheza kama milimita 100 hadi 120. Zile za kuteremka tu hufika karibu 200. Kila moja hushinda mahali fulani na kulipia kwingine. Springi ndefu humeza mawe, lakini huongeza uzito, na kwenye mlima humeza pia sehemu ya nguvu za miguu. Kwa mtoto wa shule anayepanda kilima kila jioni akiwa na begi mgongoni, hiyo ni bei kubwa.

Kisha dada mtu akaomba baiskeli ya kaka yake.

"Mama, si itakuwa yangu? Nijaribu tu."

Waliteremsha kiti hadi mwisho. Kwenye tambarare alienda vizuri, akicheka. Kwenye mteremko mfupi, baiskeli ilianza kukimbia. Vidole vyake vidogo vilinyoosheka kutafuta breki, havikuifikia. Aliacha usukani uende, akaangukia kwenye kichaka cha leleshwa. Goti lilichubuka, kofia ikapata mkwaruzo mrefu upande wa kulia. Mama alitupa baiskeli yake chini, akakimbia.

Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Mama ndiye aliyekaa chini muda mrefu, akiitazama ile kofia.

Kesi iliamuliwa hapo. Baiskeli ile ile ilikuwa imepita lami, vumbi na mchanga kwa kubadilisha upepo tu. Iliyoishinda haikuwa njia, ilikuwa mwili. Fremu haipungui, na umbali kati ya mpini na breki una kikomo chake hata fundi akiusogeza.

Mzazi anayenunua anaweza kupima mwenyewe dukani. Mtoto asimame juu ya fremu, nyayo zote mbili chini, na nafasi ibaki kati yake na chuma. Akikaa, pedali ikiwa chini kabisa, goti likunjike kidogo tu. Vidole vivute breki bila kuachia usukani. Akishindwa jambo moja kati ya hayo, hata iwe nzuri vipi, hiyo si baiskeli yake bado.

Karibu kilomita 8 kutoka lango, safari ya magurudumu hufika ukingoni. Baiskeli huachwa juu, na korongo la Ol Njorowa hushukwa kwa miguu pamoja na kiongozi. Hapo hakuna baiskeli inayofaa. Mbingu zikiwa na mawingu mazito, hata miguu haifai: mafuriko ya ghafla yaliua wageni humo mwaka wa 2012 na tena 2019. Siku hiyo anga ilikuwa safi, nao wakashuka.

Kurudi langoni njia hupanda polepole. Kijana alishusha gia, akapanda bila kulalamika. Kabla ya kufika lami alisimama na kuomba pampu kwa mgeni mmoja.

"Mama," alisema akijaza upepo, "ile akiba mnunulie huyu ndogo. Mimi nitafutie matairi tu."

Mama hakujibu. Alikuwa akimpima binti kwa macho, kutoka kiunoni hadi ardhini.