Watoto wachanga kando ya ziwa

Katika kikao chetu cha likelemba mama mmoja aliuliza kama mtoto wa miezi minne anaweza kupelekwa ziwani. Tulicheka kwanza. Hapa Kalemie ziwa ni jirani yetu. Tunafulia huko, tunanunua ndagala huko, na mabwana wetu wengine wanalala juu ya maji hayo wakivua. Lakini tulipofikiri vizuri, tuliona kwamba karibu sisi wote hatujawahi kwenda mchangani kukaa tu na mtoto, bila beseni kichwani. Basi tukapanga siku ya Posho asubuhi. Tulikuwa wamama 11, watoto wachanga 7, na koko mmoja ambaye hakuna mtu aliyemwalika.

Tulitoka mapema. Sisi tuko upande wa magharibi wa Tanganyika, kwa hiyo jua linachomoka majini, kutoka upande wa Tanzania, na saa kumi na mbili na nusu maji yote yanakuwa rangi ya mawese. Ni saa nzuri zaidi kwa mtoto. Mchanga bado una baridi, wavuvi wanarudi, na kelele si nyingi. Kabla ya saa nne za asubuhi ni lazima uwe umekwisha kurudi nyumbani au kukaa chini ya mti, kwa sababu baada ya hapo jua linapiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Ngozi ya mtoto mchanga, hata ikiwa nyeusi, inaungua.

Tulichagua mahali wazi, penye mchanga na mawimbi madogo, mbali na matete. Hilo si jambo la kupendezwa tu. Katika maji yaliyotulia yenye majani ndimo konokono wa bilharzia wanakaa, na karibu na matete ya Lukuga mamba na viboko si hadithi ya kutisha watoto. Tuliwauliza wavuvi kwanza. Wao wanajua ni wapi waliona nini juzi, kuliko kitabu chochote.

Mama aliyeuliza swali ndiye aliyefika wa mwisho. Kaka yake alikufa maji katika boti la mizigo, na tangu siku ile alikuwa hajakanyaga mchanga ule. Alikaa chini ya mwembe, mbali nasi, mgongo wake ukielekea ziwa. Mtoto alikuwa amevaa kofia ya sufu na soksi, amefunikwa blanketi, na juu yake kitenge kimefungwa mara mbili. Aliogopa upepo wa ziwa. Tulimwacha, maana tulijua huzuni yake, na hapo ndipo tulikosea.

Sisi wengine tulikuwa tunafurahi. Mmoja alitumbukiza vidole vya miguu ya mtoto wake majini, mtoto akashtuka, akakunja uso kama mzee aliyedaiwa deni, kisha akataka tena. Mwingine alieleza kwamba maji yanayotoka hapa kupitia Lukuga yanaingia Lualaba na kufika baharini, mbali kule Banana. Koko akasema basi yule mtoto aliyekojoa amewatumia watu wa Banana salamu.

Ni koko yule aliyegeuka kutazama mwembe. Kivuli kilikuwa kimehama bila mtu kuona, na yule mama alikuwa juani. Koko akamwendea, akatia mkono kwenye shingo ya mtoto. “Mwanangu, unamfunga kama mikate ya kupeleka soko. Fungua.” Shingo ilikuwa moto sana. Mtoto hakulia. Alikuwa amelegea, na alipopewa ziwa la mama aliliacha. Hatukucheka tena.

Tulimpeleka kivulini, tukavua kofia, soksi, vyote. Mmoja wetu alikimbia barabarani kusimamisha pikipiki, akamwambia kijana angoje. Tulihitaji maji ya kumpoza, na maji tuliyotoka nayo nyumbani, yale yaliyotiwa dawa, yalibaki kidogo tu katika bidoni. Yule mama alisimama mwenyewe, akachukua kitenge chake, akatembea mpaka majini, akakilowesha. Hatukusema neno. Alirudi, akampangusa mtoto kichwa, kwapa na miguu, huku tukipepea na kuangalia kwamba maji ya ziwa yasiingie kinywani, kwa maana kolera tunaijua hapa kwetu. Mtu mmoja alitaka kumpa mtoto kijiko cha maji safi anywe. Tulimkataza. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita, kinywaji chake ni maziwa ya mama tu, hata wakati wa joto, ila anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Baada ya dakika chache alilia. Wamama, hatujawahi kupenda kilio namna ile. Kisha akanyonya. Hata hivyo tulimpandisha mama yake kwenye pikipiki, wakaenda kituo cha afya, kwa sababu mtoto mchanga aliyelegea na kukataa kunyonya hapimwi kwa macho ya majirani. Muuguzi alimpima joto, akawabakisha mpaka mchana, akawaruhusu kurudi. Tulichanga kila mmoja kidogo kulipa pikipiki. Koko hakuchanga, alisema yeye amelipa kwa mkono wake.

Tunafikiri kurudi tena, lakini si katika miezi ya kiangazi, kuanzia mwezi wa tano na kuendelea, wakati upepo wa kusini unainua mawimbi makubwa. Tutabeba bidoni mbili. Nguo ya mtoto itakuwa moja, nyepesi, ya pamba, na kofia yenye ukingo badala ya sufu. Mtu mmoja atakuwa na kazi ya kuangalia kivuli tu, na kila robo saa atasongeza mkeka. Mtoto hataachwa mikononi mwa dada yake mdogo karibu na maji, hata kwa dakika ya kununua sambusa; ziwa hili lina kina cha mita 1.470, na ukingo wake mahali pengine unashuka ghafula.

Yule mama ameomba yeye ndiye awe mwangalizi wa kivuli. Koko bado hajaalikwa, lakini amekwisha kuuliza tarehe.