Sala Kabla ya Zamu

Tabora yetu ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Daktari Livingstone alikaa hapa jirani, Kwihara, mwaka 1872. Alipougua sana safarini mwaka 1873, akina Susi na Chuma walimbeba kwa machela. Hawakuwa na cheti cha uuguzi, lakini twawahesabu wenzetu.

Sisi tunavyo vyeti, na bado husali pamoja kabla ya zamu. Si kwamba sala itapima presha! Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, twamkanda mfuko wa uzazi, twamchoma oksitosini, twamwita daktari. Kumwamsha daktari mkali saa nane usiku kwataka ujasiri, na huo ndio tunaouomba. Hofu husema, "Tungoje kidogo," na mama yule hana muda huo.