Land Rover ya Unga Limited, Land Cruiser ya Tanga

Arusha ya mwaka 1998 ilikuwa bado inakausha matope. Mvua za El Niño zilikuwa zimekula barabara, na mwenye gari dogo alikwenda mjini kutoka Njiro huku akisikilizia chini. Sisi tulikuwa na watoto wa kupeleka shule, halafu tuna ugonjwa ambao ndugu zetu hawakuuelewa: tulipenda kwenda kulala porini. "Vitanda mnavyo, mnafuata nini huko?" mama mkwe alikuwa akiuliza.

Magari mawili yalikuwa yakiuzwa kwenye gereji moja ya Unga Limited. Moja ni Land Rover 109, Series III, iliyopakwa rangi kwa brashi. Jingine ni Land Cruiser HJ60, injini ya dizeli ya 2H, silinda sita, lita nne, iliyokuwa imeishi Tanga. Kwa Arusha ile hapakuwa na mjadala: gari ni Land Rover. Ndizo zilizobeba wachimbaji kwenda Mererani, watu ndani, watu juu ya keria, mmoja ananing'inia nyuma. Spea zake zilipatikana hadi vibandani, na fundi mwenye spana chache na nyundo aliifungua bila woga.

Moyo wangu ulikuwa huko. Nilipenda vile vishikio vyake viwili vya sakafuni. Cha njano ukikikandamiza, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Chekundu ukikirudisha nyuma, gari linaingia gia nzito, linapanda polepole bila kuhema. Kwenye Land Cruiser ile ilibidi kwanza ushuke, uchuchumae topeni, uzungushe kwa vidole kile kifuniko cha katikati ya gurudumu la mbele, kulia na kushoto, ndipo urudi ndani kuingiza gia. Nikawaza giza, mvua, na nyati.

Fundi hakuwa na mapenzi na upande wowote. Aliingia chini ya Land Cruiser na bisibisi, akawa anagonga na kusikiliza. Chumvi ya Tanga ilikuwa imeshambulia chini ya milango. Kutu ikammwagikia usoni kama ugoro. "Bodi ni ya kuchomelea, kaka," akasema huku akifuta macho. "Ila chesisi nzima." Akahamia kwenye Land Rover. Watu husema Land Rover hailiwi na kutu, na kwa bodi wana haki, maana ni ya alumini. Chesisi yake lakini ni chuma tu. Karibu na springi ya nyuma bisibisi ilizama hadi mpini.

Hata hilo lingechomelewa. Pale Unga Limited walichomelea makubwa zaidi. Hukumu aliitoa mke wangu. Aliizungusha ile 109 hadi Mnara wa Saa na kurudi, usukani wa nguvu za mikono mitupu, akashuka akijinyoosha mabega. "Nikiendesha hii wiki nzima, Jumamosi hema utapiga peke yako." Kisha akafungua nyuma ya Land Cruiser, akakunja kiti, akavua viatu na kujilaza humo kwa urefu wake wote, mafundi wakitazama. "Shemeji amemaliza," fundi akaniambia.

Engare Sero ndiko nilikoelewa alichokuwa akipima. Kando ya Ziwa Natron upepo wa usiku hauna adabu. Wenzetu walikesha wameshikilia nguzo za mahema, sisi tumelala ndani, vumbi kwenye meno lakini tumelala. Vile vifuniko vya magurudumu nilikuwa nimeshavizungusha mchana, juani, bila nyati hata mmoja.

Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, zikaja kwa mamia, nyingine zimeng'arishwa kuliko zilipotoka kiwandani. Tulikwenda kuzitazama. Ya kwetu tuliiegesha mbali kidogo, kwa heshima ya shughuli, na mke wangu akaniacha nizunguke kwenye zile 109 mpaka nikachoka mwenyewe.