Giza la Dakika ya 88

Mpwa wangu, wewe leo unautazama mpira ukiwa umejilaza, simu mkononi, na goli likifungwa Madrid unaliona kabla mama yako hajageuza chapati. Sikulaumu, kila zama na watu wake. Ila nataka ujue jinsi sisi wa Walukuba, hapa Jinja, tulivyoupokea ushindi wa Manchester United katika fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Barcelona, Jumatano ya tarehe 26 Mei 1999. Tuliupokea kwa masikio, gizani, tumebanana kama magunia ghalani.

Siku ile niliamkia Mbale. Nilikuwa nachuuza vitunguu: nanunua sokoni kwa akina mama walioteremka navyo alfajiri kutoka miteremko ya Mlima Elgon, kisha navileta Jinja kwa lori. Asubuhi ya Mbale ilinukia kahawa mbichi na moshi wa kuni, na jabali la Wanale lilikuwa bado limejitanda ukungu. Mpagazi aliyekuwa akinifungia mzigo, Mgisu mwenye mabega mapana, alikuwa shabiki wa Arsenal, na kidonda chake kilikuwa kibichi, maana siku kumi tu zilikuwa zimepita tangu Manchester iwanyang'anye ubingwa wa Uingereza kwa pointi moja. Alishona mdomo wa gunia polepole, sindano ikiingia na kutoka, huku akiniuliza: "Keane hachezi, Scholes hachezi, wote wana kadi. Katikati mtamweka nani?" Sikuwa na la kumjibu. Nikamlipa ujira wake, nikapanda juu ya mzigo. Barabara ya Tirinyi ikatupokea, tukapata pancha karibu na mafunjo ya mto Mpologoma, na tulipofika Jinja jua lilikuwa limekwisha kuzama ng'ambo ya Nile. Sikuoga wala sikula. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha video na harufu yangu ya vitunguu.

Walukuba, kama ulivyosikia kwa babu yako, ni mtaa uliojengewa wafanyakazi, enzi zile bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa mwaka 1954 na viwanda vikaota kulifuata. Walikuja Waluo, Wasamia, Wateso, Wagisu, Waganda, na walipotaka kuelewana uani walisema Kiswahili. Kibanda chetu cha video kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, dishi limesimama juu ya nguzo, na ndani televisheni moja mbele ya mabenchi yasiyo na mgongo. Kiingilio kilikuwa shilingi 500, na chai ya tangawizi 200. Upepo ulipogeuka ulituletea harufu ya mukene, dagaa wetu wa ziwani, walioanikwa Masese. Karibu na mlango, mahali pake pa siku zote, aliketi mzee mmoja fundi wa baiskeli, vidole vyake vyeusi kwa grisi. Huyo hakuipenda Manchester kwa sababu ya makombe. Mwezi Februari mwaka 1958, akiwa kijana anayejifunza kazi, alisikia redioni kwamba ndege iliyobeba timu hiyo imeanguka Munich na wachezaji wanane wamekufa. "Nililia vijana nisiowajua," alituambia. "Tangu hapo ni timu ya msiba wangu." Na usiku ule wapinzani, Bayern, walikuwa wametoka Munich hiyohiyo.

Mpira ulianza saa 3:45 usiku, na dakika ya 6 tu Basler akatufunga kwa mpira wa adhabu. Baada ya hapo tuliteseka. Scholl aligonga mwamba, Jancker akajipindua hewani akagonga mtambaa wa panya, na kila mara kibanda kizima kilishusha pumzi kwa pamoja. Ilipofika dakika ya 80 na ushei, watu walianza kuinuka wakipangusa suruali. Halafu dakika ya 88 umeme ukakatika. Miaka ile giza lilikuwa jambo la kawaida hata kwetu sisi tuliolala karibu na mitambo. Mwenye kibanda alikimbilia nyuma kuhangaika na jenereta. Hapo mlinzi wa duka la jirani akasogea mlangoni na redio yake ya betri, mawimbi yakipanda na kushuka, na aliyejua Kiingereza akatufasiria kwa sauti ya kunong'ona: kona, Beckham anapiga, kipa Schmeichel naye amepanda, mpira umeokolewa, Giggs anapiga hovyo, Sheringham... Hatukungoja tafsiri. Benchi letu lilivunjika. Tulikuwa bado tumelala sakafuni, mmoja juu ya mwenzake, redio ilipoanza tena: kona, Beckham, kichwa cha Sheringham, Solskjær. Mabao 2 ndani ya dakika za majeruhi. Nilikumbatiwa na mtu ambaye hadi leo simjui, jasho lake likanipaka uso mzima.

Jenereta ikakohoa, ikashika, na televisheni ikarudi polepole. Nilitegemea kuona wekundu wetu wakiruka. Nilichokiona kwanza ni Samuel Kuffour, yule beki wa Bayern kutoka Ghana, kijana wa miaka 22, akiipiga nyasi kwa ngumi, na mwamuzi Collina akimshika amwinue ili mchezo uendelee. Tulikuwa tukipiga mabati na kuimba. Mzee fundi akasimama, akatuinulia mkono ule wa grisi, akasema bila ukali, "Punguzeni, mtoto analia." Ukimya uliotushukia haukudumu, pengine muda wa kumeza mate, lakini ulitushukia sote. Mbele ya nyumba ya mwenzio mwenye msiba, hata harusi hupita ikishusha ngoma.

Ijumaa nilirudi Mbale nikiwa nimejiandaa kwa maneno. Nikamkuta mpagazi wangu wa Arsenal, nikayaacha maneno yote mdomoni, nikamnunulia chai tu. Alicheka, akanibebea magunia mawili bila kudai ujira.

Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Mei 2001, Bayern walicheza fainali Milan dhidi ya Valencia, na kwetu wachache walijali. Nilipopita kibandani nilimkuta mzee fundi mahali pake, amevaa fulana yake ya Manchester iliyopauka, peke yake na mwenye kibanda. Nikaketi. Waliingia kwenye penalti, Bayern wakashinda, na safari hii kombe likawa la Kuffour na wenzake. Mzee akatafuta fimbo yake chini ya benchi, akainuka.

"Haya," akasema. "Sasa mtoto amebembelezwa. Twende tukalale."