Daftari za Mwandishi wa Matangazo

Tangazo ni ombi. Anayelitoa humwomba mtu asiyemjua afanye jambo ambalo jana hakulifanya: anunue sabuni, achimbe choo, amsindikize mkewe kliniki, amwambie dereva apunguze mwendo. Kuyatafuta maneno ya ombi hilo ni kazi yenye ufundi wake, na kumbukumbu hizi ni za mtu mmoja aliyeifanya kwa zaidi ya miaka 30 jijini Dar es Salaam, akiwaandikia wauza rangi, mabenki, kampuni za simu na miradi ya afya. Humu anaitwa mwandishi, bila jina. Zinazotajwa kwa majina ni kampeni zilizomfundisha, za hapa na za mbali.

Kampeni ya kwanza aliishuhudia akiwa mtoto wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa "Mtu ni Afya". Kwa wiki 12 watu walikutana katika vikundi, wakafungulia redio, wakasikiliza kipindi cha wiki hiyo, kiongozi akawasomea kijitabu, kisha wakajadiliana na kukata shauri. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Baba yake mwandishi alikuwa kiongozi wa kikundi kilichokutana chini ya mwembe wa shule. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa papo hapo, maana betri zilikuwa adimu, na mazungumzo ndiyo yaliyochukua jioni iliyobaki. Siku ya kipindi cha vyoo, mama mmoja mjane alisimama. "Ndugu kiongozi," akauliza, "sisi tusio na mtu wa kushika sururu nyumbani tufanyeje?" Watu wakanyamaza. Mwishowe ikaamuliwa vijana wachimbe kwa zamu, waanzie kwa wajane. Redio haikuwa imetaja wajane hata mara moja. Mashimo yalichimbwa, na vyoo vilivyojengwa nchini kutokana na kampeni ile vilikadiriwa baadaye kuwa mamia ya maelfu.

Katika miaka ya 1980 matangazo ya biashara nchini yalikuwa machache, kwa kuwa bidhaa zenyewe zilikuwa za foleni. Mwandishi alipata riziki kwa kuandika majina ya maduka ukutani kwa brashi, na baadaye akawa anamtafutia mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo majina ya kanga. Jina la kanga ni ule msemo unaochapwa sehemu ya chini ya mji, yaani uwanja wa katikati wa kanga. Mfanyabiashara huyo hakusifu wala kukosoa msemo aliopelekewa. Aliuliza swali moja tu: "Nani atalivaa, na atamvalia nani?" Jina lililokosa jibu lilirudishwa. Msemo mzuri wenye sauti ya muuza duka ulikaa rafuni mpaka vumbi likaujaa. Uliokwisha kwa siku mbili ni ule ambao mke angeweza kumwambia wifi yake, au jirani kumwambia jirani, bila kufungua kinywa. Hapo ndipo mwandishi alipoanza kununua daftari za shule na kuandika sentensi alizozisikia sokoni, msibani na ndani ya daladala, kila sentensi na aliyeisema: muuza mkaa, kondakta, mama mkwe. Shule ya uandishi wa matangazo iliyo bora kuliko kanga hakuipata tena popote.

Mwaka 1994 zilianza Radio One na ITV, na kampuni za matangazo zikahitaji watu wa Kiswahili. Kwa kweli zilihitaji watafsiri. Mswada ulifika kutoka Nairobi au London ukiwa umeshapimwa kwa sekunde 30. Kiswahili chake kikisomwa studioni kilifika sekunde 41, na msomaji akaambiwa akimbize ulimi. Kwa miaka mitatu kazi ya mwandishi ilikuwa kukata maneno katika sentensi za watu wengine. Kuandika hasa alijifunza kwenye rafu ya ofisi, palipokuwa na vitabu vikubwa vinavyokusanya kila mwaka matangazo bora ya dunia.

Humo alikutana na "Think Small", tangazo la Volkswagen la mwaka 1959 lililotengenezwa New York na kampuni ya Doyle Dane Bernbach. Marekani ya wakati ule gari lilisifiwa kwa ukubwa wake. Helmut Krone, aliyepanga picha, aliweka kigari kidogo kwenye ukurasa mzima mweupe. Julian Koenig, aliyeandika, alieleza faida za udogo huo kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani yake barazani. Kwingineko mchoraji alipelekewa maneno yaliyokwisha kuandikwa ayapambe, lakini Bill Bernbach wa kampuni hiyo aliwakalisha mwandishi wa tangazo na mchoraji pamoja tangu mwanzo, na kazi ile ni tunda la utaratibu huo. Tangazo jingine la mfululizo uleule lilikuwa na neno moja kubwa chini ya picha ya gari: "Lemon". Mwandishi alihangaika nalo wiki nzima. Kwa Kiswahili limau ni limau. Kwa Mmarekani pia ni gari bovu uliloliuziwa kama zima. Maelezo yalisema gari lile lilikataliwa kiwandani kwa sababu kipande cha kromu kwenye droo ya mbele kilikuwa na doa ambalo mnunuzi huenda asingeliona. Tafsiri ilitoka kwa fundi wa gereji moja Ilala, aliyepiga teke tairi la gari la mteja na kusema: "Hiki kimeo." Neno hilo liliingia kwenye daftari siku hiyohiyo, na tangu hapo kamusi ikawa kitabu cha kufunguliwa mwisho.

Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, ombi lake kwa wananchi lilikuwa la maneno matatu kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili ni matatu vilevile: tuma pesa nyumbani. Mitambo haikutajwa. Kilichotajwa ni jambo ambalo kila aliyehamia mjini alikuwa akilifanya tayari kwa taabu, kwa kumkabidhi dereva wa basi bahasha.

Kosa kubwa la maisha ya kazi ya mwandishi nalo lilikuwa neno moja. Mradi wa afya ya uzazi ulimtaka aandike tangazo la redio, naye akaandika: "Mama mjamzito, hudhuria kliniki mapema." Lilirushwa kwa takriban miezi miwili. Kisha alisafiri kwenda kusini akiwa na kinasa sauti, akawasikilizisha tangazo hilo wanawake waliokuwa wakisubiri zamu ya maji bombani. Walisikiliza kwa adabu. Mama mmoja mtu mzima akageuza ndoo yake, akaikalia.

"Mwanangu, mapema ndiyo lini?"

Mwandishi akajibu kuwa ni mara tu mwanamke anapojijua.

"Mimba changa haitangazwi. Ukionekana njia ya kliniki, kijiji kizima kimejua, na wenye jicho baya wamejua. Wewe unamtaka binti yangu ajitangaze?"

Hakuna aliyecheka. Tangazo lililoandikwa kwa nia ya kuwalinda wanawake lilikuwa linawaomba wajiweke hatarini kwa jinsi wao wenyewe walivyoielewa hatari, na mwandishi hakuwa ameuliza mtu hata mmoja kabla ya kuingia studioni. Lawama ilikuwa yake. Toleo la pili lilikuwa la mume akizungumza na mkewe usiku, ndani, kwa sauti ya chini, akihesabu miezi miwili iliyopita na kumwambia kwamba kesho watatoka pamoja kwenda kumwamkia shangazi, na kliniki iko njia hiyohiyo. Sentensi ya shangazi ilitolewa na mama yuleyule wa bombani. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2012, ilianza kampeni ya kitaifa ya "Wazazi Nipendeni", iliyokwenda mbali zaidi: jina lenyewe ni sauti ya mtoto aliye tumboni, akiwaita baba na mama kwa pamoja. Aliyetaka ushauri alituma ujumbe bure kwenda namba 15001 na kupata majibu kwenye simu yake, bila kuonekana barabarani. Mwandishi hakushiriki kuitengeneza, naye huitaja kila anapoulizwa ni kazi gani angependa iwe yake.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 redio za Tanzania zilijaa habari za Fataki. Huyu alikuwa mwanamume mtu mzima mwenye pesa anayewanyemelea wasichana wadogo. Katika kila tangazo alikuwa karibu kufanikiwa, kisha mtu wa pembeni, kama vile mhudumu au jamaa, akaingilia kati na kumwokoa binti. Kabla ya hapo tabia hiyo ilijulikana na wote, ila haikuwa na jina linaloweza kusemwa mbele za watu. Fataki ni kilipuzi kidogo, na neno hilo liliingia mitaani upesi. Kondakta aliweza kumwita abiria fataki, na basi zima likaelewa. Kampeni haikumwomba mkosaji aache. Iliwapa waliomzunguka neno la kumkabili.

Njia hiyohiyo ilitumika Kenya kwa kibandiko. Mwaka 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walijaribu jambo dogo kwenye matatu, yaani mabasi madogo ya abiria, zaidi ya 2,000 za safari ndefu. Nusu zilibandikwa ndani vibandiko vinavyowahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha ovyo, na madereva waliovitunza wakaingizwa kwenye bahati nasibu. Madai ya bima ya ajali kwenye magari yenye vibandiko yalipungua kwa nusu au zaidi. Baadaye mpango huo ulipanuliwa kwa jina la "Zusha!". Thamani yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kupanda gari lile: abiria 14 wanaogopa, kila mmoja anadhani ni mwoga peke yake, na anayetangulia kusema huonekana mkorofi. Kibandiko humwondolea ukorofi huo, kwa kuwa anasoma kilichoandikwa.

Kampeni ya kigeni ambayo mwandishi ameifundisha kwa vijana mara nyingi kuliko zote ni ya Colombia. Wizara ya ulinzi ya nchi hiyo ilitaka wapiganaji wa kundi la waasi la FARC waache silaha, na kampuni iliyoongozwa na Jose Miguel Sokoloff ikaanza kwa kuzungumza na waliokwisha kutoka msituni. Iligundulika kwamba wengi walitoroka karibu na Krismasi, kwa sababu ya kukumbuka nyumbani. Desemba 2010 askari walipamba miti tisa mikubwa kwenye njia za wapiganaji, kwa taa zilizowaka zenyewe mtu alipokaribia, na bango lililosema kwamba ikiwa Krismasi imeweza kufika msituni, mpiganaji naye anaweza kufika nyumbani. Kwa hesabu ya waandaaji, 331 walijisalimisha. Baadaye zilitumika picha za utotoni zilizotolewa na mama zao. Picha ilikuwa ya mtoto ambaye mwenyewe tu angeweza kujitambua, hivyo haikumhatarisha mbele ya wenzake, na maneno yake yalisema kwamba kabla ya kuwa mpiganaji, wewe ni mwanangu. Mwaka 2016 serikali na FARC zilitia saini mkataba wa amani. Tangazo halikuleta mkataba huo, ila baadhi ya waliorudi kwa mama zao waliitikia tangazo.

Mwaka 2009 gazeti la The Zimbabwean, lililochapishwa uhamishoni, lilitozwa na serikali ya Zimbabwe ushuru kana kwamba ni anasa. Kampuni ya TBWA Hunt Lascaris ya Johannesburg ililichapishia matangazo juu ya noti halisi za matrilioni, kwa sababu mfumuko wa bei ulizifanya noti kuwa rahisi kuliko karatasi. Msomaji aliyeshika noti ile alikuwa ameshika hoja yote.

Kuna pia kazi alizokataa. Miaka ya 2000 alitakiwa kuandika tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi. Dada yake alikuwa na mabaka ya mkorogo usoni ambayo hayakuondoka, naye akasema hapana na kumpoteza mteja huyo. Kwa sababu hiyo humwia vigumu kuisifu kikamilifu kampeni ya Dove iliyoanza mwaka 2004 kutetea uzuri wa mwanamke alivyo. Filamu yake ya 2013, ambamo mchoraji Gil Zamora anamchora mwanamke kwanza kwa maelezo yake mwenyewe na kisha kwa maelezo ya mtu mwingine, ni ya kugusa. Lakini Unilever, mwenye Dove, wakati huohuo aliuza krimu ya kung'arisha ngozi iitwayo Fair & Lovely kwa watu wa Asia na Afrika, na jina hilo halikubadilishwa mpaka 2020. Anayemwomba mwanamke ajipende hapa asimuuzie kule dawa ya kujichukia.

Mwandishi aliacha kazi ya kila siku akiwa na daftari 37. Sentensi zilizomo si zake, ni za watu waliozisema, na nyingi hazijatumika katika tangazo lolote. Ziko kwenye rafu ya chini ya ofisi yake ya mwisho, na kijana yeyote anayeanza kazi hii anaruhusiwa kuzisoma.