Mnada ni Mwito

Nilipokuwa kijana wa miaka 20, nilipenda sana kwenda mnadani, si kwa kununua, bali kwa kufurahia maneno ya dalali. Siku moja vilinadiwa vyombo vya marehemu mmoja, na miongoni mwake ilikuwamo cherehani ya mkono. Mama mmoja mjane aliitaka, akataja Sh. 60,000. Watu wakanyamaza. Dalali akaninong'oneza: "Ongeza, mwanangu, hutalipa wewe." Nikaona ni mchezo tu. Nikaongeza mara mbili, na kila nilipoongeza yule mama naye aliongeza, hata akafungua fundo la kanga yake akatoa Sh. 85,000.

Tulipotawanyika nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu," akajibu. "Kumbe nawe ulikuwa na haja nayo! Niwie radhi, nami nina mayatima wa kuwalisha."

Ndugu msomaji, maneno yale yalinichoma kuliko matusi. Baada ya Isha nilimwendea maalim wangu wa chuoni, nikamweleza yote. Hakunikemea. Aliniuliza: "Mnada maana yake nini?" Nikajibu kuwa ni kuuza kitu kwa kushindania bei. Akasema: "Hiyo ni kazi yake. Maana yake ni mwito."

Akanifahamisha kuwa neno hili limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wa nida, yaani kuita kwa sauti. Ndiyo maana twasema kunadi. Waarabu wenyewe mnada huuita mazad, kwa kuwa bei huzidi, na neno letu zaidi ni la mzizi huo. Nao Waingereza wamelichukua neno lao katika Kilatini, nalo asili yake ni kuongeza. Ama dalali, asili yake ni mwenye kuonyesha njia, na dalili ni ndugu yake.

"Sasa tazama Suratul-Jumua, aya ya 9," akaendelea. "Mwito wa swala ya Ijumaa umetajwa kwa mzizi huo huo wa nida, na papo hapo waumini wakaamrishwa waache biashara. Je, ungeridhika muadhini akiwaita watu kwenye swala isiyokuwapo? Basi nawe leo umenadi bei isiyokuwapo."

Kisha akanisimulia Hadithi iliyopokewa kwa Anas bin Malik. Mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba, naye hakuwa na kitu nyumbani ila tandiko na bakuli. Mtume akavinadi mwenyewe mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu 1. Mtume akauliza ni nani atakayezidisha, na mwingine akatoa 2. Kwa dirhamu moja yule mtu alinunua chakula cha watu wake, na kwa ya pili shoka, akaenda kukata kuni, akarudi na dirhamu 10. Mnada ule ulimwinua maskini. Wangu ulimpunguzia mjane tonge. Kuongeza bei bila ya nia ya kununua, ili kumhadaa mwingine, huitwa najshi, na Mtume amelikataza jambo hilo.

Nikauliza nifanyeje. Maalim akajibu: "Haki ya mja hulipwa kwa mja."

Ilinichukua miezi miwili kukusanya Sh. 25,000. Nilipobisha hodi, yule mama alikuwa akishona sare za shule. Nikamweleza kila kitu, na macho yangu nimeyainamisha. Alinyamaza kwa muda mrefu, nami nilitamani anikaripie. Mwishowe akazipokea fedha, akasema: "Mwenyezi Mungu akusamehe, mwanangu. Lakini usiitike tena kila akuitaye."

Enyi vijana wenzangu wa zamani na wa leo, sokoni ulimi una hesabu yake. Kabla ya kupaza sauti, na tujiulize: mwito huu ni wa kweli? Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika kuuza na katika kununua. Amin.